Vitunguu Vilivyoungua vya Mama Merse

Nilifunga safari ya Johannesburg kwa sababu mama yangu aliacha kuniitikia salamu. Kila asubuhi nikipita uani kwake na kumwambia "Shikamoo, mama," badala ya marahaba napokea swali: "Konsolata anakuja lini?" Konsolata ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, na Julai ile ya 2013 alikuwa amekosa Krismasi tano mfululizo. Ninyi mnaonisoma hapa Kilema mnajua uzito wa jambo hilo. Mchaga anaweza kukosa harusi, anaweza hata kukosa mazishi ya mjomba akatuma rambirambi, lakini Desemba ikifika lazima aonekane kihambani kwa wazazi, hata kama gari aliloingia nalo ameliazima. Konsolata kila mwaka alikuwa na udhuru mpya. Mara kazi, mara mafua, mara bosi wake mzee hana wa kumwangalia.

"Nenda kamlete," mama aliniambia. "Akikataa, niletee sababu. Na nisiletewe maneno ya kwenye simu, niletee sababu yenyewe."

Nikafungasha. Nguo mbili za baridi, kitenge cha kanisani, na mfuko wa kimea cha ulezi nilichokiotesha, kukikausha na kukisaga kwa mikono yangu, pamoja na kipande cha gome la msesewe kwa ajili ya ule uchungu wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilipanga tupike pombe huko huko, harufu ya kwao imwingie puani, arudi mwenyewe bila kusukumwa. Sijisifu, ila tangu kanisani hadi sokoni hakuna mpika mbege wa kunifikia. Anayebisha anajulikana, na pombe yake tunaijua.

Moshi hadi Dar es Salaam niliketi na mama mmoja wa Same aliyekuwa na huzuni zake, nikaona nimchangamshe. Nikamsimulia kisa cha mbege ya Konsolata. Krismasi ya mwisho aliyokuja, mdogo wangu alijitolea kupika pombe ya sikukuu, mara yake ya kwanza. Ndizi zikashika chini ya sufuria, mbege yote ikanuka moshi. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Mimi, kuokoa jina la ukoo, niliibeba ile pombe mbele yao wote, nikaimimina kwenye bakuli la nguruwe, kisha nikatoa yangu niliyokuwa nimeificha stoo kwa tahadhari. Nguruwe wakalewa, wakalala siku tano. Basi zima lilicheka mpaka Chalinze. Nikiri hapa mapema: mwaka wa kwanza wa kusimulia, nguruwe wale walilala siku moja tu. Kila Krismasi huwa nawaongezea usingizi kidogo.

Dar es Salaam nilipanda basi la kusini. Siku ya pili asubuhi tukawa Tunduma, kwenye foleni ndefu na upepo unaopenya soksi. Zambia niliiona zaidi kwa harufu ya mkaa na mahindi ya kuchoma, maana nililala. Baada ya Chirundu, tulipoingia Zimbabwe, nikaacha kuhesabu siku nikahesabu miguu, ambayo ilikuwa imevimba ikawa mmoja.

Kwenye mpaka wa Beitbridge, wa kuingia Afrika Kusini, mtu wa forodha aliifungua mizigo yangu, akakuta unga wa kahawia na kipande cha gome. Aliviangalia kama mtu aliyepata kazi ya siku nzima.

"Hii ni nini, mama?"

"Pombe," nikamwambia, "ila bado haijawa pombe."

"Na huu mti?"

"Onja."

Alikuwa kijana jasiri, akatafuna. Wenye kuujua msesewe wanajua kilichofuata. Alitema mate mpaka kwenye kivuli cha mwenzake, akapiga muhuri bila kuniangalia usoni, akanionyesha njia kwa kidole.

Johannesburg niliingia mchana, jua kali na baridi kali kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Konsolata alikuwa stendi, amevaa buti na koti la kufika magotini. "Shikamoo, dada," akanikumbatia kwa nguvu, nikasahau miguu yangu. Kisha macho yake yakaangukia mfuko.

"Umeleta ulezi?"

"Nimeleta. Tupike Jumamosi?"

"Tutaona," akasema, akauchukua, na hatukuuzungumza tena.

Anakaa Malvern, mtaa wa pembeni ya Jules Street, barabara ndefu yenye maduka ya magodoro, saluni na mafundi mpaka macho yachoke. Chumba cha mbele cha nyumba yao amepanga Papa Kasongo, fundi cherehani wa kutoka Lubumbashi. Nilimkuta amezungukwa na vipande vya kitenge, anashona vitu vya kufunga shingoni, kama vile tunavyowafunga watoto wanapolishwa uji, lakini vya shingo nene.

"Ni vya nani hivi, Papa?" nikamuuliza.

"Ya bakubwa, mama. Kila mwaka minabashoneaka. Bale bazee banakulaka sawa batoto."

Nilimtazama Konsolata. "Eish, dada," akacheka. "Ni vya Mama Merse. Jumapili utaona."

Asubuhi iliyofuata akanipeleka kwa huyo Mama Merse, ambaye ndiye bosi wake, hatua chache mbele kwenye mtaa huo huo. Njiani alinipa onyo moja: "Usimwite Mhispania. Utakosa chai." Mama Merse ni mjane mwenye miaka karibu themanini, mwembamba, na macho ya mtu anayetafuta wa kutaniana naye. Yeye na marehemu mumewe walihamia huko zaidi ya miaka arobaini iliyopita, wakitokea Katalunya, jimbo lenye lugha yake ndani ya Uhispania, kijiji cha mashamba ya mizabibu. Tulisema Kiingereza, changu cha shule na chake cha kujiokotea, lakini hapa nawaandikia kwa Kiswahili.

Nami nikionywa kitu huwa nawashwa. Nilipoketi tu nikasema, "Nimesikia unatoka Uhispania."

Konsolata alifumba macho. Mama Merse hakununa. Alikoroga chai yake taratibu, akauliza, "Na wewe unatoka kwenye ule mlima mzuri, Kilimanjaro. Ule ulioko Kenya, sivyo?"

Niliruka kwenye kiti kama nimekalia siafu.

"Basi," akasema, "tumeelewana."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alinikatia mkate, akachukua nyanya mbivu akaipasua na kuusugua mkate kwa ile nyanya mpaka ukawa mwekundu, akamwagia mafuta ya zeituni na chumvi. Nilidhani siagi imeisha na ananificha. Kumbe kwao hicho ni chakula cha heshima, na aliniambia kwamba mtu akipaka nyanya kwa kisu badala ya kuisugua, inajulikana kabisa kwamba hakulelewa vizuri. Kisha akanieleza habari ambayo niliitafuna kuliko mkate. Alipokuwa msichana, mtawala wa nchi aliipiga marufuku lugha yao shuleni. Aliyesema Kikatalani darasani alichapwa. "Lakini jikoni hawakuweza kuingia," akasema. "Sufuria ya bibi yangu ilisema Kikatalani siku zote. Ndiyo maana sikubali mtu anichezee mapishi."

Nikakumbuka kibao tulichokuwa tukivishwa shingoni shule ya msingi kwa kosa la kusema Kichaga. Nikamwambia. Akaniongezea mkate.

Nyuma ya nyumba alinionyesha bustani. Matuta ya vitunguu vyenye shina refu, na juu ya uzio mzabibu uliokatwa matawi, matawi yake yamefungwa matita. Kitunguu hicho hupandwa, hung'olewa, hupandwa tena, na kila kinapotaka kurefuka kinafukiwa udongo ili shina libaki jeupe. Kwao kazi hiyo wanaiita kukivisha kitunguu viatu. Ni mwaka mzima kukivisha viatu, ili kiliwe siku moja. Wakatalani wa Johannesburg, wachache kama wapiga zeze, hukusanyika kwake Jumapili moja ya Julai kukila. Namna ya kukila hakunieleza. "Mgeni asisimuliwe," alisema, "mgeni aone." Alichonieleza ni hiki: mwaka huu mikono yake inatetemeka, kwa hiyo moto amemkabidhi Konsolata. Ni mara ya kwanza moto ule kushikwa na mtu asiyezaliwa kwao.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anautazama mzabibu, amejaa woga na furaha, kama siku ya kipaimara chake. Ningekuwa na akili ningeyaona yale na kuyahifadhi. Mimi niliwaza: Mungu wangu, wamempa moto Konsolata.

Jumapili nilitoka misa nikaenda moja kwa moja kwa Mama Merse na kitenge changu cha kanisani. Nilikuta moto umekwisha kuwa makaa. Konsolata alikuwa na masizi mpaka masikioni, na mezani kulikuwa na mafurushi makubwa ya magazeti, yamepangwa juu ya vigae vya paa.

"Dada, keti hapa. Naenda na Mama Merse kuchukua mkate Jules Street, wageni wako njiani. Usiguse kitu. Sharp?"

"Sharp," nikajibu, yaani sawa, kwani nilitaka kuonekana mwenyeji.

Gari lilipokata kona, pua yangu ikaanza kazi. Harufu ya kuungua ilitoka kwenye magazeti. Nikafunua furushi moja kwa ncha ya kidole. Vitunguu vyote vilikuwa vyeusi tii, kama vijiti vilivyookolewa kwenye nyumba iliyoteketea. Nikafunua la pili, la tatu. Vyote. Sasa nikaelewa kwa nini vilifichwa kwenye magazeti. Mtoto ameunguza chakula cha mwaka mzima, amekifunika, na amekimbilia dukani kutafuta mkate wa kuziba aibu. Ndizi zile zile, mkono ule ule.

Nisingeweza kumwacha adhalilike ugenini. Nikavua saa, nikakunja mikono ya blauzi. Nilimenya vitunguu vile kimoja kimoja mpaka nikaufikia weupe, nikaviosha kwa maji ya chumvi mara tatu kuondoa moshi, nikavikatakata vyembamba, nikatia nyanya, ndimu, pilipili na majani ya giligilani niliyoyachuma bustanini. Kulikuwa na bakuli la mchuzi mzito mwekundu wa lozi na vitunguu saumu, nikaonja, nikaona umepwaya, nikautia chumvi. Ilitoka beseni nzima ya kachumbari. Nisiwadanganye, nilikuwa na furaha isiyo kifani. Niliimba wimbo wa kutoa sadaka tangu kitunguu cha kwanza hadi cha mwisho.

Walirudi pamoja na wageni wanane. Wazee wa watu waliingia uani wamekwisha kujifunga vitenge vya Papa Kasongo shingoni, wakipiga makofi, wakaikuta beseni. Makofi yakaisha. Mzee mmoja alitazama chini ya meza, pengine vitunguu vilikuwa vimeanguka.

"Vilikuwa vimeungua," nikaeleza. "Msijali. Nimeviokoa."

Mama Merse alikaa. "Vilikuwa vimeungua," akakubali. "Ndivyo tunavyovila. Tunavichoma mpaka viwe vyeusi, tunavifunga kwenye gazeti vijipike kwa mvuke wake, kisha kila mtu anavua cheusi kwa mkono wake. Tangu zamani za babu zetu."

Nilimgeukia Konsolata ili anicheke tuishe. Hakucheka. Aliweka mikate mezani, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, halafu akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Dada, walilala siku ngapi mwaka huu?"

"Nani?"

"Nguruwe. Mwaka juzi nilipigiwa simu nikaambiwa siku tatu. Mwaka jana nne. Sasa wamefika ngapi?"

Nikaanza kukung'uta maganda kwenye kitenge. Basi zima lilizicheka zile siku tano mpaka Chalinze.

"Unataka kujua kwa nini siji Krismasi? Kwa sababu nikishika chungu, wewe unakinusa. Nilikesha na ile mbege siku mbili, dada. Ilinuka moshi, ndiyo. Ungeninong'oneza. Ukaipitisha mbele ya watu wote kama maiti ya mbwa. Nimekuja mpaka huku mwisho wa dunia, nikapewa moto na watu wasio ndugu zangu, na bado umepanda basi ukaja kuninusia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Ilinishika miguuni, kwenye ule uvimbe wa safari, ikapanda. Nilikuwa nimetumwa kutafuta sababu, nikavuka nayo mipaka mitatu, nimeivisha kitenge cha kanisani.

Wageni hawakujua Kiswahili lakini sauti ya ndugu wanaogombana haihitaji mkalimani, wakawa wanazitazama kucha zao. Mama Merse alichukua kijiko akaonja kachumbari. "Tamu," akasema. "Nitailia samaki wiki nzima. Ila leo nina watu wazima wamefungwa vitambaa shingoni kwa kazi maalumu." Akamtazama Konsolata. "Limebaki tuta moja, lile nililoliweka kwa mbegu. Moto ni wako. Sema wewe."

Konsolata alinitazama tangu kilemba hadi viatu.

"Dada atachimba," akasema. "Mimi nitaunguza."

Nikachimba. Kwa magoti, na kitenge cha kanisani, ardhi ya Julai ngumu kama deni la dhambi. Nilipomaliza aliniamuru nikae kwenye kigoda na nikalie mikono yangu, na nikaikalia kweli. Niliona alivyofanya. Aliwasha matita ya mizabibu, moto ukaruka juu, akavilaza vitunguu katikati ya ndimi za moto bila kusita, akavigeuza kwa wakati anaoujua yeye, na vilipokuwa vyeusi kabisa, mimi nikitetemeka kwa hamu ya kuvitoa, akavitoa. Hakuna hata mmoja aliyemwelekeza.

Nami nikafungwa kitambaa shingoni, tukapata vitano vitano badala ya rundo. Unakishika kwa majani, unavuta chini, gamba jeusi linatoka lote kama soksi, kinabaki kitu cheupe kinachotiririka. Unakichovya kwenye mchuzi wa lozi, ambao sasa ulikuwa na chumvi nyingi na kila mtu alikuwa na adabu ya kutousema, unainua uso mbinguni na kukishusha mdomoni. Kilikuwa kitamu. Nilitaka kisiwe kitamu sana, kwa heshima ya kachumbari, lakini kilikuwa kitamu mno, na utamu wenyewe ulikuwa ni ule moshi niliouosha kwa maji mara tatu.

Kisha ikaletwa divai kwenye chombo cha kioo chenye mdomo mrefu kama birika. Hunywi kwa kugusa. Unakiinua mbali na divai inaruka hewani ikufuate kinywani, na chombo kimoja kinazunguka watu wote. Divai ilikuwa ya Cape. "Nzuri," Mama Merse aliniambia, "ila haijui jina langu." Akaninyoshea mimi kwanza, kwa kuwa ni mgeni.

Kwetu, mnajua, mgeni haonji kabla ya mwenye pombe. Nikakipeleka kwa Konsolata.

"Mwenye moto aanze," nikasema.

Alisimama kidogo na chombo mkononi. Halafu akakiinua juu kabisa, mkono wote umenyooka, na divai ikamwingia bila kumwaga hata tone. Ilipofika zamu yangu iliingia puani, sikioni, kisha kifuani, na kitambaa cha Papa Kasongo kikafanya kazi yake. Walicheka mpaka yule mzee akatoa meno yake kuyafuta. Konsolata naye alicheka. Sijui kama nimewahi kulowa kwa furaha vile.

Jioni tukiosha vyombo, Mama Merse akifuta vikombe, Konsolata alimuuliza kama hatamani kurudi kwao hata mara moja. "Nyumba yetu iliuzwa," akajibu. "Waliokuwa wakinijua wako makaburini. Kwetu kumebaki kwenye matuta yale tu." Akaweka kikombe kabatini. "Konsolata, mimi hakuna anayeuliza nitakuja lini."

Siku ya kuondoka, stendi, nilimuuliza swali moja tu. "Utakuja?"

"Tutaona, dada." Lakini mfuko wa ulezi hakunirudishia.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila mimi nilikuwa nimepungua maneno. Baada ya Lusaka jirani yangu akaniomba hadithi ya kufupisha safari. Nguruwe walikuwa tayari mdomoni. Nikawameza, nikamsimulia vitunguu, na aliyechekwa safari hii nilikuwa mimi. Nikagundua kwamba hadithi hiyo inachekesha zaidi, na haimkoseshi mtu Krismasi. Ndiyo elimu niliyotoka nayo, pamoja na ile ya nyanya kwenye mkate.

Nilipofika Kilema mama alikuwa anachambua maharage. Hakunipa pole ya safari.

"Umeniletea nini?"

"Sababu."

"Iko wapi?"

"Unaitazama, mama. Imekaa mbele yako."

Aliendelea kuchambua. "Nilijua," akasema. "Unadhani kwa nini nilikutuma wewe, nikamwacha kaka yako?"

Siku kumi kabla ya Krismasi Konsolata alishuka barabarani na sanduku moja na ule mfuko wa kimea, uliosafiri kuliko padre wetu. Alisema atapika mbege yeye. Mama alikwenda chumbani akatoka na kile kitambaa cha Papa Kasongo nilichorudi nacho, akanifunga shingoni, akaniwekea kigoda mbali na jiko. Sikuhitaji kuambiwa mikono niikalie wapi.

Ndizi zikashika. Niliisikia harufu kabla ya kuku, na mama akanikazia macho, nami nikaanza kuhesabu migomba. Siku ya Krismasi wageni wakaketi wale wale wa mwaka ule, kila mmoja ananitazama mimi, kisha banda la nguruwe. Konsolata alichota kata, akaonja kama mwenye pombe apasavyo, uso haukubadilika, akaniletea.

Ilinuka moshi. Nikanywa mpaka chini, nikamnyoshea kata anijazie tena, na mwaka huo nguruwe hawakuonja hata tone.